Muulize Bibi Samaki: Wamekuja kupima mto, samaki wangu wameshakufa

*Shikamoo Bibi Samaki. Mimi ni mkulima wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Nina kihamba (shamba la migomba la nyumbani) na bwawa la samaki la mita 20 kwa 10, linalopata maji ya mfongo, mfereji wetu wa kugawana kwa zamu. Mwezi wa pili mwaka huu niliamka alfajiri nikakuta sato wamejaa juu ya maji, midomo wazi. Kufika saa tatu asubuhi nilikuwa nimeokota ndoo tatu za waliokufa. Wiki mbili baadaye wakaja vijana watatu wa mradi, wana vishikwambi, wakasema wanafanya tathmini ya uathirikaji wa msitu, mto na samaki kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Wakaniuliza mambo ya miaka ishirini nyuma, wakapiga picha kalavati la barabarani, wakaondoka. Kalavati na samaki wangu wapi na wapi? Kazi ile ina maana yoyote? Na je, samaki wangu wameuawa na tabianchi? (Baba wa watoto wanne, Kibosho)*

Marahaba mwanangu, na pole kwa ndoo tatu. Nimeokota samaki waliokufa miaka mingi, na harufu ile haitoki kwenye kanga hata ukifua mara mbili.

Nianze na swali la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Barua yako ni ndefu kuliko hapo juu, na majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujua. Umesema uliweka vifaranga 2,000. Umesema mfongo ulikuwa zamu ya wenzako kwa siku nne. Umesema maji yalikuwa "ya kijani, mazuri kabisa", kwa sababu ulikuwa umeongeza samadi. Na jua la Februari unalijua.

Maji ya joto hayashiki oksijeni kama maji ya baridi. Yakiwa nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 kwa lita moja. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu, na hiyo ni hesabu ya pwani. Huko kwenu juu hewa ni nyepesi, toa tena kidogo. Ile rangi ya kijani nayo ni mimea midogo sana. Mchana inatoa oksijeni kwa fujo, ndiyo maana saa nane mchana bwawa lako lilikuwa na afya ya kuringia. Jua likizama, mimea ile ile inageuka kuwa mlaji: inavuta oksijeni pamoja na samaki, na samadi inayooza chini inavuta pia. Saa kumi na moja alfajiri ndipo akiba inapokuwa chini kabisa. Mfongo ungekuwa unaingia na kuanguka kwa kishindo, ungewaokoa. Haukuwepo.

Halafu hao 2,000. Bwawa lako lina mita za mraba 200. Asiye na mashine ya kuingiza hewa anaweka samaki wawili, wakizidi watatu, kwa kila mita ya mraba. Yaani 400 hadi 600. Aliyekuuzia 2,000 alifanya biashara nzuri siku hiyo.

Kwa hiyo wauaji ni wangapi? Wingi wao, samadi, na zamu ya maji. Tabianchi ilikuwepo, lakini ilifika kama mgeni anayekuta nyumba ina ugomvi tayari. Ongeza joto kidogo, chelewesha mvua wiki tatu, na usiku wa namna ile, ambao zamani ungekupata mara moja kwa miaka kadhaa, unaanza kukuzoea. Hapo ndipo kazi ya wale vijana inapoingia.

Maana "uathirikaji" ni neno refu la maswali matatu mafupi. Kinachokuja ni nini: joto, ukame, mvua ya kubomoa? Kikija, nani kitamuuma zaidi? Na huyo anayeumwa ana pa kukimbilia? Ukijibu la kwanza tu ukaishia hapo, umeandika utabiri wa hali ya hewa. Miradi mingi niliyoiona iliishia hapo, ikaweka ramani nyekundu kwenye jalada.

Chukua samaki watatu wa mto wako mmoja, Weruweru na vijito vyake, uone.

Wa kwanza yuko juu, kwenye maji ya kasi karibu na msitu. Ni kambale mdogo, hafiki hata urefu wa kidole cha kati, mdomo wake uko chini kama kikombe cha kunyonyea na anaung'ang'ania mwamba nao maji yasimbebe. Wanasayansi wanamwita *Chiloglanis deckenii*. Jina alipewa 1868 kwa kumbukumbu ya Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro miaka ya 1861 na 1862 asifike kileleni. Huyu hauzwi sokoni wala haingii kwenye mchuzi, kwa hiyo hana wa kumsemea. Anataka maji yanayokwenda mbio na yenye oksijeni tele. Joto likipanda, angepaswa kusogea juu. Akienda juu anakuta banio la saruji, ule ukuta wa kugeuzia maji mfongoni, hata la nusu mita tu, na yeye si wa kuruka. Akitazama chini, maji yote yameingia mfongoni na mto umebaki mawe meupe. Huyo, mwanangu, ndiye anayestahili alama nyekundu.

Wa pili ni sato wako. Yeye ni mtu wa joto. Anakula vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30 na kidogo. Chini ya 20 anakuwa kama mzee wa Julai anayeota moto, hataki chakula. Wafugaji wa Kibosho mmekuwa mkilalamika kwangu tangu zamani kwamba sato wenu hawakui kama wa huko tambarare. Sababu ni hewa: kila ukipanda mita 100 joto linashuka zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo bwawa lililo mita 1,400 ni baridi kwa nyuzi kama nne kuliko la mita 700. Sasa sikiliza jambo ambalo mradi hautapenda kuliandika: joto likipanda kwa nyuzi moja au mbili, sato wa Kibosho huenda wakakua haraka zaidi. Yaani joto lile lile linalomfukuza yule wa mwambani linamnenepesha huyu wa bwawani. Kinachokutisha wewe ni maji ya Februari, si joto lenyewe.

Wa tatu ni perege wa Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililojengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Maji ya Weruweru yanaishia huko. Perege hasumbuliwi sana na joto. Dume anachimba kiota kwenye maji ya kina kifupi ufukweni, jike anataga hapo kisha anayabeba mayai mdomoni. Bwawa likishuka haraka wakati wa ukame, viota vinabaki nchi kavu, na samaki wote wanabanwa kwenye maji machache ambako kokoro, wavu wa kukokota, linawasubiri. Serikali imewahi kulifunga bwawa lile kwa uvuvi ili samaki wapumue. Na perege wale wana jamaa wa asili wasiopatikana pengine duniani isipokuwa bonde hili la Pangani, akiwemo *Oreochromis jipe*. Adui yao mkubwa mmojawapo si jua hata kidogo. Ni sato wa kigeni anayetoroka mabwawani, anazaa nao, na kizazi kinachanganyika hadi wa asili hawatambuliki. Je, mwanangu, tundu la kutolea maji kwenye bwawa lako lina wavu? Hukuandika. Kama halina, basi na wewe umo kwenye ile tathmini, upande wa wanaouma.

Tuje kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, maana uliuliza kwa dharau kidogo.

Wenzetu wa Marekani, idara yao ya misitu, walifanya zoezi hili kwenye misitu 11 ya taifa na kutoa ripoti 2013. Hawakuuliza tu "msitu huu uko hatarini?", maana jibu la hilo ni ndiyo kila mahali. Walikata kila msitu vipande vipande, kijito na eneo linalokilisha maji, wakavipanga: kipi kina kitu cha thamani, kipi kitapigwa zaidi, kipi kimeshachoka. Na kilichovichosha vijito vingi kilikuwa barabara. Kalavati jembamba likizibwa na magogo siku ya mvua kubwa, maji yanapanda juu ya barabara, barabara inakatika, na tuta zima la udongo linaingia mtoni usiku mmoja. Udongo ule unaziba nafasi kati ya mawe ambako mayai na wadudu wanaoliwa na samaki wanaishi. Kalavati likiwekwa juu, mdomo wake unaning'inia kama mfereji wa bati, samaki wadogo hawapandi tena. Kule wanahangaikia trauti na salmoni, hapa sisi tuna yule wa mdomo wa kikombe, lakini bomba ni bomba. Uzuri wa kalavati ni kwamba linarekebishika. Hewa ya dunia huwezi kuiamuru kutoka Kibosho. Bomba la mita moja kulibadilisha kuwa la mita mbili unaweza kulidai kwenye mkutano wa kijiji.

Sasa niseme linalonikera, na hili ni dhambi yangu mwenyewe kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Nilipoanza kazi ya ubibi samaki katikati ya miaka ya themanini, nilipewa kipimajoto cha kufunga kamba na daftari gumu. Nilipima joto la mito kila mwezi miaka mingi. Nilikuwa najivunia lile daftari. Siku moja mgeni mtafiti akaliomba, akapekua kurasa tano, akaniuliza: "Mama, mbona vipimo vyote ni vya kati ya saa tano na saa saba mchana?" Kwa sababu gari la ofisi lilikuwa linatoka saa nne. Na Februari nyingi hazimo kabisa, kwa sababu mafuta yalikuwa yameisha. Miaka ile yote sikuwa na kipimo hata kimoja cha alfajiri ya mwezi mbaya. Nilipima mto ulipokuwa umeoga na kuvaa.

Kwa hiyo ukiwaona tena vijana wale, waulize mambo haya. Watarudi mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri? Watapima juu ya banio na chini ya banio, au darajani tu penye maegesho? Na ramani wakishaichora, nani wa Jumuiya ya Watumia Maji atabaki na nakala yake? Sheria ya maji ya 2009 inataka mto ubakiziwe maji yake ya mazingira baada ya watu kunywa, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 za kingo zake. Lakini Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyo hapa hapa Moshi, haiwezi kujua mto umekauka mita mia mbili chini ya banio lenu kama hakuna anayekwenda kuangalia. Wewe una miguu na uko karibu.

Na bwawa lako. Punguza samaki hadi 500. Acha samadi kuanzia katikati ya Januari hadi mvua inyeshe. Tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko: kama huoni kiganja chako kabla maji hayajafika kiwikoni, maji yamekuwa mazito, usilishe. Maji ya mfongo yasiingie kimyakimya. Yapitishe kwenye kipande cha mwanzi kilichonyanyuliwa juu, yaanguke kwenye mawe. Omba jirani mgawane zamu, wewe uchukue kidogo usiku badala ya mengi mchana. Yeye migomba yake haijali saa. Na wavu kwenye tundu la kutolea, leo hii.

*Bibi Samaki, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Moshi mjini. Mwalimu amesema theluji ya Kibo ikiisha mito yote itakauka na samaki wote watakufa. Ni kweli? (Mwenye wasiwasi, Majengo)*

Theluji inaisha kweli, mjukuu wangu. Tangu ilipopimwa 1912 hadi 2011 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lilikuwa limetoweka, na tangu hapo imeendelea. Inaniuma, kwa kuwa nimekua nikiitazama kutoka dirisha la jikoni kwa mama yangu, Rau.

Lakini mto wako haunywi kwenye barafu. Barafu ile ni ndogo na iko mahali pakavu mno, sehemu kubwa ya kinachoyeyuka huko hupotea hewani. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoshuka mlimani yanatoka kwenye mkanda wa msitu. Mvua ya upande wa kusini ni kubwa kuliko pote ukifika kama mita 2,000 na ushee, wakati hapa mjini tunaambulia chini ya nusu yake. Udongo wa msitu unaimeza, na baadaye inatokea chini kama chemchemi. Shiri na Nsere, zinazokunywesha mjini, ni za namna hiyo.

Na kuna maji yasiyoingia kwenye kipimo cha mvua. Ukipanda mlimani ukavuka msitu mkubwa, unafika kwenye mierika, miti ya juu kwenye baridi, iliyofunikwa ndevu za kuvu na kigoga. Ukungu ukipita pale unashikwa na majani na ndevu zile, unadondoka tone tone, mchana na usiku, hata bila mvua. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp ameufuatilia mlima huu kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba moto wa miaka ya ukame umeushusha mpaka wa juu wa miti hiyo, na kwamba ukungu tunaoupoteza kwa njia hiyo ni hasara kubwa kwa maji kuliko barafu inayoyeyuka. Oktoba 2020 uliwaka moto mkubwa, Oktoba 2022 ukawaka tena. Watu walipiga picha moshi. Sikuona aliyepiga picha ndevu za miti.

Mwambie mwalimu kwa heshima, si mbele ya darasa.

*Shikamoo mama. Ninapika kwenye hoteli ya watalii Arusha. Tunauza trauti anayefugwa kwa maji ya chemchemi za upande wa Meru. Bosi ameniuliza kama samaki huyu ataendelea kupatikana miaka kumi ijayo, kabla hajachapa menyu mpya. (Mpishi, Arusha)*

Marahaba. Trauti si mwenyeji wetu; Waingereza waliwaleta kwenye mito ya milima ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni ili wapate pa kutupa ndoano zao Jumapili. Anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 anaanza kukataa chakula na kuugua, yakikaribia 25 anakufa. Kwa hiyo ukimlinganisha na sato, huyu ndiye wa kuumwa kwanza.

Ila umesema chemchemi, na hapo kuna nafuu. Maji yanayotoka chini ya ardhi hayashtuki kwa jua la wiki moja. Joto lake hukaribia wastani wa mwaka mzima wa mahali yalipoingia ardhini, na kama yaliingia juu msituni yanakuja na ubaridi wa huko. Marekani wamechora ramani za vijito vitakavyobaki na baridi miongo ijayo, na maji yanayotoka ardhini ni mojawapo ya sababu vijito fulani vinabaki baridi huku vya jirani vinapasha. Shida ya chemchemi ni wingi: msitu ukikatwa au visima vikizidi kuchimbwa, maji yanabaki baridi lakini yanakuwa kidogo, na kidogo kikikaa bwawani kinapata joto.

Mwambie bosi wako achape menyu, lakini kwanza amtembelee mfugaji na amuulize joto la maji pale yanapotokea kwenye mwamba, na joto la bwawa la mwisho kabisa, lile ambalo maji yanalifikia yakiwa yamechoka. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo jibu lake. Amuulize za mwezi wa pili. Akipewa za Julai, arudi tena.